Warithi wa Shangazi

Vijana wangu, mkikabidhiwa daftari la zamani, lisomeni kutoka mwanzo, halafu mligeuze mlisome kutoka mwisho. Nimefanya kazi ya kutafuta kumbukumbu za wanajeshi hapa London miaka ishirini na sita, na mngenilazimisha niwaachie neno moja tu, ningewaachia hilo. Kunusa karatasi iliyowahi kulowa, kusoma mwandiko wa mtu aliyeandika huku gari likimrusha, hayo mtajifunza wenyewe. Hilo la kugeuza daftari nilijifunza kwa aibu, na aibu yenyewe ilipigwa chapa kwenye karatasi ya ofisi, ikatiwa sahihi, ikatumwa kwa posta.

Mjukuu wangu Zara, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hukijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini sikuandika tu namba ya lori nililokuwa nalitafuta kwenye kompyuta. Nikamwambia kompyuta yetu ilikuwa Bi. Pruett, mkuu wa ofisi, na yeye ukimuuliza swali la kijinga alikuwa anakutazama mpaka ujibu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa duka la spea. Baba yangu aliuza spea za malori Mombasa, na tangu nina miaka kumi na minne nilisimama kaunta nikiwauzia madereva plagi, springi na rejeta za kupozea injini, nikibishana nao kama mtu mzima. Tulikuja London wakati Wahindi wa Kenya tulipokuwa tunakimbilia huku kabla mlango haujafungwa: mimi, mume wangu Anwar, na mama yake, tunayemwita Maa. Tukakaa Kenton, kwenye nyumba ambayo mabomba yake yalinguruma kuliko yalivyotoa joto. Kwenye fomu ya kuomba kazi waliniuliza lugha, nikaandika nne. Waliponiuliza ujuzi, nikaandika malori. Bi. Pruett akaniweka kwenye meza ya Afrika, iliyokuwa karibu na mlango na ambayo hakuna mtu aliyeitaka kwa sababu ya upepo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wajane, wazee wa vita na vyama vyao walikuja kutuuliza kampuni fulani ya jeshi ilipita wapi, na nani alikuwemo. Kampuni za malori ndizo ngumu kuliko zote, maana jeshi la miguu likipigana huandikwa, lakini mtu aliyelipelekea maharage nani amwandike? Bi. Pruett alinifundisha penseli tu, kalamu ya wino marufuku, na usiandike hitimisho kabla hujafika ukurasa wa mwisho. Mimi nikajiongezea langu: usifuate amri za maofisa, fuata pancha. Amri huandika mtu alikotaka kwenda, pancha huandika alikofika.

Mwaka uliofuata baada ya watu wa Uganda kufukuzwa, aliingia ofisini Bwana Pelham. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, aliyebeba boksi la mbao kama mtu aliyebeba paka mgonjwa. Wakati wa vita alikuwa luteni kijana katika kampuni ya malori iliyotoka Nairobi kwenda Uhabeshi kwa njia ya Nanyuki, Isiolo, Marsabit na Moyale. Kikosi chake kilikuwa na malori thelathini. Yalifika ishirini na tisa.

"Nilikuwa na malaria," aliniambia. "Siku kumi nimelazwa nyuma ya gari la wagonjwa, sijui mchana wala usiku. Nilipopata fahamu nikahesabu malori, nikahesabu tena. Lori namba kumi na saba halikuwepo, na hakuna mtu aliyetaka kuniambia liko wapi."

Meja wake, aliyeongoza kampuni nzima, alimwita akamuuliza amemuuzia nani. Hawakumfunga, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi, lakini hawakumpandisha cheo tena. Na kila mwaka, kwenye chakula cha mchana cha wazee wa kampuni ile, Meja husimama na glasi mkononi, husema, "Pelham, lori letu liko wapi?" na meza nzima hucheka. Miaka thelathini wamecheka. Mke wake alikuwa ameacha kwenda naye.

"Umebaki kama mwezi mmoja na nusu kabla ya chakula hicho," alisema. "Mwaka huu nataka niende nikiwa na jibu. Hata kama jibu ni kwamba nilikuwa mzembe. Lakini mwizi sikuwa."

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo, nami nikamwonea huruma, nikamwahidi kitu ambacho mtu wa kazi yetu hapaswi kuahidi. Nikamwambia nitalipata.

Kwenye boksi mlikuwa na ramani, barua, fomu ya upotevu ambayo hakuwahi kuitia sahihi, na daftari jeusi lenye mafuta ya gari. Bwana Pelham alisema daftari hilo lilichanganyika na vitu vyake alipopelekwa hospitali. Ofisi nyingine iliyolitazama kabla yetu ilikuwa imelibandika karatasi: "Mambo ya familia ya fundi." Lilikuwa la fundi wa kikosi, Yusuf wa Jinja, Mpunjabi, na aliliandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha pekee aliyoshirikiana na madereva wote.

"Namkumbuka," alisema Bwana Pelham. "Maskini, alifiwa na shangazi yake wiki ile ile. Madereva wote walikuwa na huzuni. Nilimpa sukari na majani ya chai, na siku mbili za kuomboleza."

Nikasoma lile daftari siku nzima. Nawaandikia nilivyosoma, mnihukumu:

"Isiolo. Shangazi anakohoa tangu asubuhi. Nimempa maji, ametulia."

"Laisamis. Shangazi hawezi mlima. Mjomba amemvuta."

"Marsabit. Shangazi amelala njiani. Shemeji amebaki naye."

Halafu, katikati ya jangwa la mawe la Dida Galgalu: "Shangazi hakuamka. Tumejaribu kila kitu. Madereva wamenyamaza. Tumemfunika mawe."

Baada ya hapo kurasa tupu. Nililia, wallahi. Nililia pale mezani, na upepo wa mlango ukanikausha machozi. Nikamwona yule mama wa Kipunjabi, mzee, mgonjwa wa kifua, anapandishwa mlima huku Mjomba amemshika mkono. Swali la mama mzee anafanya nini kwenye msafara wa jeshi halikunisumbua hata kidogo. Ninyi mnatujua. Sisi tukihama hatumwachi mtu nyuma, na kama jeshi lilikuwa linakwenda upande huo, kwa nini shangazi asipewe nafasi?

Basi nikaunda hadithi yangu. Fundi alimficha shangazi yake ndani ya lori namba kumi na saba. Alipofariki, wakamzika kwa muda, kisha ndugu zake wakachukua lori hilo hilo kumrudisha kwao akazikwe vizuri, na lori likapotelea huko. Niliandika ripoti ya kurasa mbili. Sentensi moja naikumbuka kama aya niliyohifadhi chuo cha Kurani: "Kwa uwezekano mkubwa, lori lilitumiwa kuisafirisha maiti ya marehemu, kwa heshima zote zinazostahili." Bi. Pruett aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema ni kazi nzuri sana. Akatia sahihi kwa wino.

Bwana Pelham alijibu kwa barua ndefu. Alisema amefarijika. Kama lori lilimbeba marehemu, hakuwa na kinyongo tena, Meja acheke mpaka achoke. Ila alikuwa na ombi moja: tumtafutie jamaa za Fundi Yusuf, kama wako hai, akawape pole kwa mkono wake.

Kutafuta watu wa Afrika Mashariki London kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuandika barua serikalini na kungoja miezi. Ya pili ilikuwa inakaa sebuleni kwangu, imejifunga shali mbili, na simu iko mapajani. Nikamwambia Maa: Yusuf, fundi, Mpunjabi, wa Jinja, alikuwa vitani. Maa akampigia mama mmoja wa Ilford ambaye kazi yake ni kuposea watu. Yule akamtaja mwingine. Simu ya tatu ilipokwisha Maa alikuwa anajua kwamba Fundi Yusuf yuko hai, ametoka Uganda na waliofukuzwa, anakaa Rayners Lane kwa binti yake, ana presha, na mkwewe hali pilipili.

"Jumamosi tunakwenda," alisema Maa. "Lete hilo daftari nijue namwendea mtu kwa pole ya nani. Siwezi kuingia nyumba ya watu nikalia bila jina."

Bwana Pelham alikuwa ameniruhusu kulichukua nyumbani, nikampa. Sasa Maa alisoma Kurani kabla ya kusoma kitu kingine chochote, na mpaka anakufa kila kitabu alikifungua kutoka kulia, hata kitabu cha namba za simu. Akalifungua daftari kutoka kulia. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu.

"Nargis," akaniita. "Huyu Shangazi alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema, Maa. Mgonjwa."

"Naona. Kamwachia Shemeji rejeta."

Nikatoka na mwiko mkononi. Upande ule wa daftari, kwa mwandiko safi kuliko ule wa mbele, palikuwa na kichwa cha habari kilichopigwa mistari miwili: Warithi wa Shangazi. Chini yake orodha. Mjomba: taa ya kushoto na kabureta. Kitinda Mimba: tairi nne. Binamu: bampa na honi. Bi Mkubwa: tangi la mafuta. Malori yote ya kikosi yalikuwa na majina ya ukoo, na fundi, aliyejifunza kuandika chuoni kama Maa, alianza orodha yake ya maana upande wa kulia.

"Mama Mkwe," Maa akasoma polepole, "springi mbili za nyuma." Akanitazama juu ya miwani. "Alikuwa na shida gani huyo?"

Vitunguu viliungua. Mimi niliyeuza rejeta miaka tisa, nilisoma kwamba mtu anakohoa akapewa maji akatulia, nikamwona mgonjwa wa kifua. Gari linalochemka kila siku lilipita mbele ya kaunta yangu, nami nikalitafutia sanda. Maa alicheka mpaka shali zikaanguka, kisha akasema maneno aliyoyarudia kila harusi iliyofuata, mbele ya wageni: "Mkaza mwana wangu kasoma sana. Anaweza kumfanyia matanga lori."

Sikumwambia Bwana Pelham. Nilikwisha kumpa jibu la uongo lenye sahihi, sikutaka kumpa la pili kabla fundi mwenyewe hajathibitisha. Ndiyo maana Jumamosi saa kumi alasiri alitukuta mlangoni pa nyumba ya Rayners Lane amevaa tai nyeusi, ameshika maua meupe makubwa. Maa akayatazama, akaniminya mkono, akauma shali.

Fundi Yusuf alikuwa mzee mwembamba, amevaa suti iliyopigwa pasi. Mezani alikuwa amepanga paspoti, cheti cha chanjo na karatasi ya kambi aliyofikia, kwa mpangilio, zikingoja kukaguliwa. Alikuwa ameambiwa tu kwamba ofisa wa zamani anakuja na mtu wa ofisini.

"Jambo, Fundi," alisema Bwana Pelham, kwa Kiswahili chake cha jeshi. "Mimi nasikia pole sana. Shangazi yako alikuwa mama mzuri."

Fundi akayatazama maua. Akanigeukia mimi.

"Binti, huyu anajua?"

"Hajui, Mzee."

"Nikimwambia, watanirudisha?"

"Wakurudishe wapi?"

Alifikiri kidogo, akaona kwamba kweli hapakuwa na pa kumrudishia, nalo hilo likampa nguvu. Akaketi akasema yote, mimi nikitafsiri pale Kiswahili cha Bwana Pelham kilipokwama.

Jangwani malori yalikuwa yanakufa moja moja. Hili halina tairi, lile halina rejeta. Amri ilikuwa kwamba gari la jeshi lisifunguliwe likagawanywa bila ruhusa ya Nairobi. Ruhusa huja kwa wiki tatu, na maji waliyokuwa nayo yalikuwa ya siku mbili. Luteni alikuwa anaweweseka kwa homa, hajui hata jina lake. "Basi nikamchagua mmoja afe ili ishirini na tisa waishi," alisema Fundi. "Shangazi alikuwa mzee kuliko wote. Nilimfungua kwa siku moja na nusu. Mifupa yake tukaifunika mawe wakaguzi wasiione. Madereva walisoma Fatiha. Mwanzoni kwa mzaha."

Walikubaliana kunyamaza wote, kwa kuogopa mahakama ya jeshi. Fundi akadhani daftari limepotelea njiani, akashukuru. Luteni akapelekwa hospitali, kikosi kikahamishwa, na hakuna aliyemwambia Fundi kwamba kuna mtu aliitwa mwizi kwa ajili yake.

Bwana Pelham aliyalaza maua magotini. "Kwa hiyo lilifika," alisema. "Miaka thelathini wananiuliza liko wapi, na lilifika."

"Nani anakuuliza?" akasema Fundi.

"Meja."

"Meja yule? Mwenye mgongo mbovu?" Akaomba daftari, akaligeuza, akashuka kwa kidole mpaka mstari wa mwisho, ambao mimi nilidhani ni lori jingine. Bwana Mkubwa: betri na kiti cha dereva. "Hili ni gari lake," alisema. "Betri ilikufa, na kiti kilikuwa kinamchoma. Alipotufikia Moyale nikamfungia cha Shangazi. Alifurahi, akanipa sigara."

Hapo binti wa Fundi aliingia na chai, bajia, na chupa ya achari ya embe. Juu ya maembe, kuyakandamiza ndani ya mafuta, palikuwa na kipande cha chuma cha duara. Fundi alipokiona alifunika uso.

"Na hicho?" nikamuuliza, ingawa mtoto wa duka la spea hahitaji kuuliza. Kilikuwa kifuniko cha rejeta.

"Hicho hakimo kwenye orodha," alisema. "Hicho niliiba. Nilitaka kitu cha kumkumbuka."

"Watu walitoka Kampala wameficha dhahabu kwenye unga," alisema binti yake. "Baba kabeba hicho. Askari wa uwanja wa ndege alikitoa, akakitazama, akamrudishia kwa huruma."

Bwana Pelham alikipokea kwa mikono miwili, na mafuta ya achari yakamchuruzikia kwenye mkono wa shati. Alianza kucheka bila sauti, mabega tu, kisha nikaona halikuwa cheko peke yake. Fundi akamshika bega. Maa, aliyekuja kwa ajili ya kulia, hatimaye akapata nafasi.

Nakala ya ripoti yangu niliirudisha kwa Bi. Pruett Jumatatu, na ya kweli juu yake. Alizisoma zote mbili. Akasema, "Ukurasa wa mwisho," basi, hakuongeza. Lakini hiyo ya maiti aliihifadhi kwenye droo yake, na kila mfanyakazi mpya alipewa aisome siku ya kwanza, mimi nikiwa nimekaa pale pale.

Kwenye chakula cha mchana Bwana Pelham alimchukua Fundi Yusuf akae karibu naye. Mimi sikuwepo, nasimulia alivyonisimulia Fundi. Meja, mzee sana sasa, alisimama na glasi yake, akauliza kama kawaida: "Pelham, lori letu liko wapi?"

Bwana Pelham hakusimama. Alisema, "Ulikuwa umelikalia, bwana."

Akamsomea warithi wote, jina kwa jina, mpaka kiti. Fundi akaweka kifuniko juu ya kitambaa cheupe cha meza. Hakuna aliyecheka. Meja alimtazama Fundi kwa muda, akamtambua, akauliza, "Ni kile kiti?" Fundi akajibu, "Ndicho, Meja." Mzee yule akasema alikuwa amekipenda sana kiti kile, na kwamba hakuna kilichoutuliza mgongo wake tangu siku hizo. Kisha akainua glasi tena, akamwomba Pelham amwambie jina lile la Kiswahili la lori, ili walinywee kwa heshima.

Fomu ya upotevu Bwana Pelham aliniletea mwenyewe. Mahali pa kueleza lori lilipopotelea alikuwa ameandika kwa wino, mbele ya Bi. Pruett ambaye safari hii hakusema neno: "Halikupotea. Limerithiwa." Akatia sahihi.

Wote hao wameshatangulia. Fundi alipofariki binti yake aliniletea kifuniko, na mpaka leo kiko jikoni kwangu Kenton, juu ya achari. Juzi Zara alikitoa kwenye chupa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza ni nini. Nikamwambia akishike kwa heshima, huyo ni Shangazi, na nikamsimulia haya niliyowasimulia ninyi. Aliposikia yote alikifuta mafuta kwa kitambaa, akakirudisha taratibu mahali pake pa kazi. Halafu mtoto yule asiyejibu kwa Kiswahili akainama kidogo juu ya chupa, akasema, "Shikamoo."